Barua ya Kamati Ina Uzito Gani? Kuwaandaa Vijana Wetu Kuomba Nafasi katika Shule Kubwa za Biashara

Maelezo yaliyotolewa na ofisi ya elimu ya shirika mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, Kabasa, Bunda



Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo miaka michache iliyopita halikuwamo kabisa katika ajenda zetu. Kamati zimeanza kupokea maombi ya vijana waliomaliza chuo kikuu na walio kazini, ambao sasa wanataka kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile inayojulikana kwa herufi tatu, MBA. Nao hawataki popote. Wanataka shule zinazohesabiwa kuwa za juu kabisa duniani. Wanatuomba vitu viwili: barua, na fedha kidogo. Kila kamati imejibu kwa namna yake. Ipo iliyotoa barua bila fedha, ipo iliyokataa vyote viwili, na ipo iliyosubiri kikao cha robo mwaka mpaka tarehe ya mwombaji ikapita.

Kuna swali gumu ambalo tunajua limo humu ukumbini hata kama halijasemwa. Mfuko wa elimu ulianzishwa kwa ajili ya watoto wa vijijini. Bweni la wasichana linasubiri bati. Kwa nini shilingi hata moja iende kwa mtu ambaye tayari ana shahada na mshahara? Swali hilo ni halali, na hatutalikwepa. Lakini tunaomba kwanza tutazame watu wawili wa mkoa wetu.

Wa kwanza mnamjua wote. Julius Nyerere wa Butiama alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Alitoka Makerere mwaka 1945, na hakwenda Uingereza moja kwa moja. Alifundisha miaka mitatu katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, ndipo mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa ufadhili, akisaidiwa na Padre Richard Walsh, aliyekuwa amemwona kazini kwa macho yake. Alihitimu mwaka 1952 akarudi kufundisha.

Wa pili husahaulika, na kwa mada ya leo yeye ndiye anayetuhusu zaidi. Paul Bomani alizaliwa upande wa Musoma mwaka 1925. Alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akafanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika Mwanza. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia, naye akazunguka vijijini kuwaunganisha. Baada ya kazi hiyo ndipo alipopelekwa Loughborough, Uingereza, mwaka 1953, kusomea uendeshaji wa ushirika. Aliporudi akawa meneja mkuu wa Victoria Federation of Cooperative Unions, ulioanzishwa mwaka 1955 na kuja kutajwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii, na balozi wetu Washington.

Hebu tutazame mpangilio wa mambo hayo. Kazi ilitangulia, shule ikafuata. Yule karani aliyekuwa akisikiliza habari za mizani alikuwa tayari na kitu cha kusomea. Na wale waliompeleka walijua wanampeleka nani.

Tuongeze jambo moja lisilopendeza. Ushirika ule mkubwa ulikua haraka kuliko watu wa kuuendesha. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 serikali iliingilia kati kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima. Sababu zilikuwa nyingi, nyingine za kisiasa. Lakini mzee yeyote wa Bunda aliyewahi kusubiri malipo ya pamba atakwambia kuwa uhaba wa mameneja hodari na waaminifu ulikuwa mmojawapo. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kumwandaa msimamizi mzuri wa biashara ni kazi ya maendeleo kama kuezeka bweni. Gharama zake ni tofauti, na ndizo tutakazozipima hapa.

Shule hizi zinatafuta nini? Harvard, iliyoanza kutoa mafunzo haya mwaka 1908, huchukua wanafunzi wapatao 900 kwa mwaka kutoka dunia nzima. Stanford huchukua mia nne na kitu. Wengi wanaoingia wana uzoefu wa kazi wa miaka mitano hivi. Cheti kizuri cha chuo ni sharti la kufika mlangoni. Karibu wote waliopanga mstari wanacho. Kinachomtofautisha mtu na mwenzake ni ushahidi: alikabidhiwa nini, akakifanya nini, nani aliona.

Tuchukue mfano wa binti, tusimpe jina kwa kuwa ni mfano tu. Ana shahada ya uhasibu na umri wa miaka 27. Anatunza vitabu vya chama cha msingi cha wakulima wa pamba, yaani AMCOS, na jioni anasaidia vikundi viwili vya VICOBA. Katika maelezo yake binafsi ameandika: “Nimehusika na masuala ya fedha na maendeleo ya jamii.” Sentensi hiyo inamzika. Mkaguzi wa maombi aliyeko ng'ambo hajui AMCOS ni nini, wala hajui kwamba msimu wa ununuzi ukifunguliwa binti huyu anashika hesabu za mamia ya wakulima, huku akikata mikopo ya mbegu na viuatilifu kwenye malipo ya kila mmoja. Na aandike hivyo hivyo. Aseme wakulima walikuwa wangapi. Aseme alikuta daftari la mizani na hati za ghala havilingani, alifanya nini, nani alikasirika, na msimu uliofuata tofauti ilipungua kwa kilo ngapi. Idadi ziwe za kweli na ziwe zinaweza kuonyeshwa kwenye vitabu, kwa maana shule nyingi huajiri watu wa kuhakiki maelezo ya waliochaguliwa, na uongo ukigundulika nafasi hufutwa.

Vijana wetu wengi hudhani kazi ya kijijini itawaaibisha mbele ya waombaji waliotoka benki kubwa za London au Nairobi. Sisi tunaona kinyume chake. Kijana wa miaka 27 katika benki kubwa mara nyingi ni mmoja katika timu ya watu kumi. Huku kwetu, wa umri huo huo akikosea, mzee mmoja hapeleki mtoto shule. Uzito wa dhamana anao tayari. Hajui tu kuuandika.

Sasa tuje kwenye barua, maana hapa ndipo kamati zinapohusika moja kwa moja.

Barua za kamati zetu zinafanana kama mapacha. “Tunamfahamu mwombaji kuwa ni kijana mwenye tabia njema, mchapakazi, mwaminifu, anayeshirikiana vizuri na jamii. Tunaomba apewe ushirikiano.” Muhuri, sahihi tatu. Barua hiyo inatosha kufungulia akaunti au kuombea kiwanja. Kwa shule ya biashara haina kazi, kwa sababu ingeweza kuandikwa kwa mtu yeyote asiye mwizi.

Shule nyingi kati ya hizi huomba barua mbili, au moja hadi mbili, na humtumia mwandishi mwenyewe maswali kwa barua pepe. Maswali ni ya wazi. Mwombaji analinganaje na wengine wenye kazi kama yake uliowahi kuwasimamia? Na hili ndilo linalowashtua wazee wetu: eleza onyo au ushauri mzito uliowahi kumpa, na yeye aliupokeaje. Katika mila zetu mtu akiombwa amsemee mwanawe kwa wageni hataji kasoro. Hapa ukisema hana kasoro, msomaji anaelewa kuwa humjui.

Kwa hiyo meneja wa yule binti angeweza kuandika hivi: mwezi wa saba malipo yalichelewa, wakulima wakajaa uani, mwenyekiti akataka waambiwe fedha zitakuja kesho. Binti alikataa kusema asilolijua. Alitoka na daftari, akawasomea salio la chama kama lilivyo, akasimama pale mpaka swali la mwisho likajibiwa. Na kuhusu kasoro: alikuwa mkali kwa makarani wa mizani, akiwasahihisha mbele za watu, tulimwita tukamwambia, kwa sasa huwaita pembeni, ingawa akichoka ukali hurudi. Mistari kama hiyo ina thamani kuliko sahihi ya askofu, ya mbunge na ya mkuu wa mkoa zikiwekwa pamoja.

Hilo tunalisisitiza kwa sababu kila mwaka vijana hutumia nauli kwenda kutafuta sahihi ya mkubwa. Barua iandikwe na aliyemsimamia kazini. Kama kamati ya parokia haikumsimamia, ikubali kusema kwamba haihusiki, na isione aibu. Lakini kama alikuwa mweka hazina wa mradi wenu wa kisima au wa mashine ya kukoboa, basi ninyi ndio mashahidi, na mnadaiwa barua ya kweli. Asiye na Kiingereza cha kutosha aandike kwa Kiswahili, mtu mwingine atafsiri, na nakala ya asili itunzwe. Mwombaji asijiandikie barua na kuleta kwa mwenyekiti itiwe sahihi. Tunajua utaratibu huo umezoeleka maofisini, na shule hizi zinaukataza waziwazi.

Insha nayo ina mitego yake. Stanford kwa miaka mingi imewauliza waombaji swali moja fupi: ni jambo gani lina uzito zaidi kwako, na kwa nini? Kijana wa kwetu akisikia swali hilo hukimbilia umaskini: nyumba ya nyasi, kilomita za kwenda shule bila viatu. Kama ni kweli, liwe na nafasi yake, aya moja. Lakini msomaji anatafuta maamuzi ya mwombaji. Huruma haimpi mtu kiti. Na hapa tuseme kwa heshima, wafadhili wetu wametuzoesha, na sisi tumewazoesha wao, kwamba habari ya kijiji ianze na dhiki. Mazoea hayo hayamfai kijana huyu. Wala asinunue insha kwa mtu, wala asiiachie mashine za kisasa zimwandikie. Shule zina kanuni kuhusu hilo, na zaidi ya kanuni, insha ya namna hiyo haina harufu ya ghala la pamba hata kidogo.

Kuhusu mitihani tutakwenda haraka. Shule nyingi hudai GMAT au GRE, na zipo zinazoruhusu kuomba bila mtihani kwa masharti yake. Tangu mwaka 2024 GMAT ni mtihani wa saa mbili na robo, wenye sehemu tatu, na alama zake huanzia 205 hadi 805. Hauna tena insha wala jiometri, kwa hiyo vile vitabu vya zamani vinavyozungushwa mkono kwa mkono vinamchosha mtu bure. Matokeo ya mitihani yote miwili hudumu miaka mitano, na hiyo ni nafuu kubwa: mtu anaweza kuufanya mapema kabla ya msimu wa kazi. Inaruhusiwa kuufanyia nyumbani kwa kompyuta yenye intaneti, lakini kwa umeme wetu huu tunashauri aende kituo cha mtihani mjini. Hesabu zake ni za sekondari. Ugumu uko kwenye kasi. Miezi minne ya saa moja na nusu kila usiku ni ya lazima kwa aliyeacha hesabu muda mrefu, na mwenye watoto atahitaji mtu wa kumsaidia kazi za nyumbani katika miezi hiyo. Familia iambiwe mapema.

Kuna jambo dogo linaloangusha watu wakubwa, nalo ni majina. Mtoto amebatizwa kwa jina moja, nyumbani anaitwa jina la bibi, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika la babu, na kitambulisho cha taifa kikatoka na la baba. Cheti cha kidato cha nne kinasema hili, hati ya kusafiria inasema lile. Kulirekebisha kunahitaji kiapo cha wakili na safari nyingi. Parokia zina vitabu vya ubatizo, na kamati zinawajua wazazi. Tungefurahi kama kila kamati ingewatazamia vijana wake vyeti tangu kidato cha nne, wakati kosa bado ni la herufi mbili.

Na alama za chuo zibaki kama zilivyo. Vyuo vyetu hutumia wastani wa hadi 5, Marekani hutumia wa hadi 4. Mwombaji asijibadilishie mwenyewe. Aandike ule wa kwenye hati na kutaja kipimo chake.

Kalenda: dirisha la kwanza la shule nyingi hufungwa mwezi wa tisa, la pili mwezi wa kwanza. Hesabuni kurudi nyuma. Anayetaka kuomba mwezi wa tisa awe amefanya mtihani kufikia mwezi wa sita, na waandishi wa barua wawe wameambiwa mwezi wa tano, kabla ununuzi wa pamba haujapamba moto na meneja hajakosa hata nafasi ya kula. Kikao cha kamati cha mwezi wa nane kimechelewa.

Gharama sasa. Ada ya mtihani ni zaidi ya dola 200 za Marekani. Ada ya maombi katika shule nyingi kubwa za Marekani nayo ni dola 200 na zaidi kwa kila shule, ingawa zipo zinazomsamehe mwenye kipato kidogo akiomba mapema. Weka hati ya kusafiria, nauli, malazi. Kwa shule tatu, kijana anaweza kutumia mshahara wa miezi kadhaa kabla hajajua lolote. Ada ya masomo yenyewe hatuwezi, na tusijaribu. Ikifika huko kuna mifuko mikubwa kuliko wetu. Harvard hutoa msaada kwa kuangalia uhitaji, na mwaka 2022 ilitangaza kuwalipia ada yote wenye uhitaji mkubwa kabisa, wapatao asilimia 10 ya wanafunzi wake wa MBA. Stanford imekuwa na ufadhili wa Waafrika wenye sharti la kurudi barani ndani ya miaka miwili baada ya kuhitimu na kufanya kazi huku angalau miaka miwili. Chevening ya Uingereza hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Kwa MBA huweka ukomo wa ada, kinachozidi mtu hujitafutia. Yeyote anayedai ada ili akuhakikishie nafasi au ufadhili ni tapeli, hata akiwa na ofisi na kalenda za ukutani.

Tungekosea pia kuwaacha mkidhani barabara ni hiyo moja. Kuna ESAMI Arusha, Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Strathmore, Nairobi, ambayo shule yake ya biashara ilianza mwaka 2005. Kwa meneja wa AMCOS anayetaka kubaki na AMCOS, kwa maoni yetu mojawapo ya hizi inafaa zaidi kuliko miaka miwili Boston. Barua nzuri na vitabu safi vinatakiwa huko pia.

Limebaki lile swali la kurudi. Katika vikao vya maandalizi kamati zilitofautiana sana, na hatukufika mwafaka. Baadhi ya wajumbe wanataka kijana asaini mkataba wa kurudi kijijini, akivunja alipe. Wengine wanasema mkataba kama huo hauna meno, na kwamba aliyeko Dar es Salaam au Kigali anayenunua pamba yetu kwa bei ya haki ametufaa kuliko aliyerudishwa kwa kamba. Sisi tunaegemea upande wa pili, lakini tunakiri kuwa wenye hofu wana sababu. Wameona walimu na waganga wakiondoka.

Tunachopendekeza ni sharti la kabla ya kuondoka. Akiondoka yule binti, nani atatunza vitabu? Kama jibu ni hakuna, wakulima ndio watakaolipia masomo yake. Kwa hiyo yeyote anayetaka msaada wa mfuko atuonyeshe mtu aliyemfundisha kazi yake, na huyo mtu awe ameshika vitabu msimu mzima peke yake, vikakaguliwa. Sharti hili linalinda chama. Vilevile linampa mwombaji kile ambacho shule zote hizi zinakitafuta kwa taa, ushahidi kwamba anaweza kuinua mtu mwingine na kazi ikasimama bila yeye.

Mfuko, kwa upande wake, usizidi kulipia mtihani mmoja na maombi ya shule mbili kwa mtu, tena nusu iwe mkopo usio na riba. Idadi isizidi waombaji watatu kwa mwaka kwa wilaya zote tatu. Fedha za bweni zisiguswe. Tunaomba hilo liandikwe kwenye muhtasari. Wafadhili mlioko hapa, mkiona vyema kuchangia eneo hili, changieni juu ya ahadi mlizokwisha kutoa, msizihamishe.

Fomu za mapendekezo ziko kwa katibu. Kila kamati ijaze jina la mwombaji mmoja tu, la msimamizi wake wa kazi, na la mrithi anayefundishwa, kisha izirejeshe kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa. Baada ya chakula tutakaa na makatibu kufanya zoezi la kuandika barua. Kila mmoja achague kijana anayemjua, na aanze na ile kasoro.